Foleni ya Printa ya Shangazi

Jumatatu, 3 Machi

Habari kubwa. Shangazi anaachia kiti!

Si duka. Duka haachii mpaka wambebe. Anaachia kiti cha kompyuta, kile chenye magurudumu, kinachotazama mlango. Aliyekikalia ndiye anayeamua kipi kichapwe sasa na kipi kingoje. Daktari amemwambia mgongo wake hautaki tena kukaa kutwa. Kuanzia wiki ijayo atasimama kaunta apokee wateja, na kiti atampa mmoja wetu. Ametutangazia asubuhi huku akijinyoosha kiuno. Ataamua Jumamosi, tukishafunga.

Mmoja wetu maana yake mimi au shemeji. Hakuna mwingine dukani.

Nieleze haki yangu, hata kama msomaji ni mimi mwenyewe. Mimi ni mtoto wa kaka yake, tumbo moja. Nimekaa chumba cha nyuma miaka na miaka na mashine ya kukata karatasi, stepla na gundi. Wateja hawaijui hata sura yangu, wanaijua kazi tu. Wananiita Bwana Pini. Mama mkwe akiulizwa mkwewe anafanya kazi gani, anasifia mvua. Kwenye kile kiti mtu anaonekana tangu barabarani. Anaulizwa, anajibu, anashukuriwa. Nakitaka kile kiti kuliko nilivyowahi kutaka kitu, ukimwacha mke wangu, na hata yeye simuandiki hapa kwa sababu anaweza kusoma.

Shemeji ni mdogo wa kike wa mke wangu. Kibaya zaidi, aliyemleta ni mimi! Mwaka jana nilimbembeleza Shangazi amchukue, afagie, apige pini, ili mimi nipate upenyo wa kusogea mbele. Akasogea yeye. Alianza kwa kumsomea Shangazi maandishi madogo ya kwenye skrini. Leo Shangazi akiinuka kunyoosha mgongo, yeye ndiye anayeshika kompyuta, wateja wanamwita Injinia, na anaitika.

Nimeamua kuandika humu makosa yake yote ya wiki hii, ili Jumamosi niwe na hoja. Kosa la kwanza: anacheka kwa sauti.

La pili bado. Mchana printa ya rangi ilibadilisha mlio. Mimi sikusikia kitu. Yeye alikuwa ameipa mgongo, anaongea na mteja. Akanyoosha mkono bila kugeuka, akaisimamisha kazi kwenye skrini, akafungua mlango wa mashine, akachomoa kipande cha karatasi kilichojikunja kama ukucha. Kisha akairuhusu iendelee palepale ilipoishia. Mteja hakujua kama kuna lililotokea. Nilisimama mlangoni na gundi mkononi, mdomo wazi.

Hilo si kosa. Nitatafuta la pili kesho.

Jumanne, 4 Machi

Siku mbaya, ila si kwa upande wangu ukiangalia vizuri.

Kule nyuma kuna kompyuta ya zamani. Ni polepole, lakini imeunganishwa na printa zilezile mbili. Ukituma kazi kutoka kule, inaonekana kwenye foleni ya skrini ya mbele, nyuma ya zilizotangulia. Nimewaza: mtu anayetaka kiti cha kompyuta aonekane akitumia kompyuta. Hoja nzito. Asubuhi nikamdaka mteja mlangoni kabla shemeji hajamuona. Dereva anayetafuta kazi, anataka wasifu wake uchapwe, nakala moja. Nikamkaribisha nyuma kama mfalme.

Nikafungua faili. Nikabonyeza kuchapa. Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya. Dereva akaniangalia. Nikatabasamu, nikabonyeza kwa nguvu zaidi. Nikamweleza kwamba mashine hizi zinahitaji mkono wa mwanamume. Nikabonyeza mpaka kidole kikachoka.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba mbele shemeji alikuwa ameisimamisha printa abadilishe wino. Kila nilipobonyeza, kazi ilikwenda kujipanga foleni kwa adabu, moja nyuma ya nyingine. Alipomaliza, akairuhusu mashine. Ikaanza kutema sura ya yule dereva. Ikatema. Ikatema! Uso uleule, tai ileile, hadi trei ikajaa, karatasi zikaanza kuteleza sakafuni na dereva akawa anajiokota mwenyewe.

Shangazi aliuliza taratibu kama huyu bwana anagombea ubunge.

Shemeji alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini huku anacheka, mkono wake ulikuwa kwenye kipanya. Alizichagua zile zilizobaki kwenye foleni zote kwa pamoja, akazifuta, na kazi ya mwalimu mkuu iliyokuwa katikati yao hakuigusa. Alizitenganisha kama mtu anayechambua mchele. Kisha akaja nyuma kunieleza, tena bila kunisimanga, kwamba ukibonyeza mara moja imetosha. Karatasi isipotoka, usibonyeze tena. Njoo uangalie foleni. Foleni haisemi uongo.

Akanionyesha na jambo jingine. Nakala ya kukagua, ile ya kwanza mteja anayoisoma kutafuta makosa, hutoka na jina la faili kwa herufi ndogo kwenye kona ya chini. Ni utaratibu wa Shangazi, ili mafungu yasichanganyike mezani. Mteja akisharidhika, jina linaondolewa ndipo nakala zote zinachapwa. Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Dereva aliondoka na bunda lake lote. Shangazi alisema heri aende nalo kuliko kulitupa.

Nyumbani mke wangu alikuwa ameshapata habari. Ndugu hawa wanapeana taarifa kwa kasi kuliko printa. Alinipakulia chakula, kisha akauliza kama nimekula na wino.

Jumatano, 5 Machi

Nimeligundua! Nimekaa nalo kifuani tangu mchana, na hapa ndipo mahali pekee pa kulitolea.

Nianze mwanzo. Duka lilijaa. Mwalimu mkuu na mitihani yake, mama mshonaji na vibandiko vyake vya bei, vijana wa chuo na ripoti zao. Foleni ya skrini ndefu, foleni ya watu ndefu zaidi. Akaingia baba mmoja wa makamo mwenye koti la kazi, kofia ameishika kwa mikono miwili. Akajibanza mwisho kabisa wa mstari.

Shemeji alimuona kabla ya mtu yeyote. Sijui alimuonaje. Alinyanyuka akamfuata, akamuuliza jambo kwa sauti ya chini, akapokea picha ya mama mzee mwenye miwani. Akarudi kwenye kompyuta akapanga ratiba ya mazishi. Kicheko chake chote kilikuwa kimekwenda kupumzika. Alipomaliza, alilipatia faili jina linaloanza na neno MSIBA, na Shangazi, aliyekuwa pembeni, akalishika pale chini ya foleni akalipandisha mpaka juu kabisa. Hakuna aliyeulizwa. Hakuna aliyeguna. Mwalimu mkuu, ambaye huguna hata jua likichelewa kutoka, alimsogezea yule baba kiti.

Ndio utaratibu wa duka hili, tangu kabla sijaja. Kazi yoyote hukaa zamu yake. Ya msiba hupanda juu. Shangazi akiona neno hilo kwenye skrini hasubiri maelezo.

Yule baba alipopokea bunda lake, alipitisha kidole juu ya picha ya mama yake. Akasema amependeza. Shemeji akamjibu kwamba aliisafisha picha kidogo, ile miwani ilikuwa na mng'ao, sasa macho yanaonekana. Nisifiche, nililia kidogo nyuma ya mashine ya kukatia. Shemeji ana mkono, na zaidi ya mkono ana jicho, na mimi sikujua kwamba kuchapa karatasi kunaweza kuwa kumtendea mtu wema namna ile.

Nikapangusa machozi. Ndipo likanijia.

Neno lile. Mtu yeyote anaweza kuliandika!

Alhamisi, 6 Machi

Ushindi. Ushindi mtupu.

Nimewavizia wateja mlangoni tangu kufungua. Nawanong'oneza wapite nyuma, kwangu hakuna kungoja. Kocha wa timu ya mpira ya mtaani alitaka ratiba ya mechi. Nikaliita faili MSIBA KOCHA. Nikabonyeza mara moja tu, tazama nilivyo mwepesi wa kujifunza. Shangazi akaliona, akalipandisha, likatoka kabla kocha hajamaliza kunisimulia habari za goti lake. Mama mshonaji: MSIBA VIBANDIKO. Mwenye nyumba za kupangisha mtaa wa pili na matangazo yake: MSIBA VYUMBA VIWILI. Wote walitoka wakinishika mkono. Kocha alisema hajawahi kuona huduma ya namna hii. Mama mshonaji aliniita Injinia Mkubwa. Mkubwa!

Kulikuwa na kasoro ndogo ndogo. Shangazi, kila akipandisha faili, alizidi kunywea. Akazima redio. Akasema wiki hii Mungu ametukumbuka vibaya. Kocha alipopita kaunta akitabasamu, Shangazi alimshika mkono kwa mikono yote miwili akampa pole kwa kuondokewa.

Kocha akasema, "Tumezoea, Mama. Msimu huu tumepoteza karibu zote."

Shangazi alikaa chini.

Shemeji aliniangalia kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kuangaliwa. Nikajitia hamnazo, nikaenda kupiga pini kitu ambacho hakikuhitaji pini.

Kulikuwa pia na dada wawili waliokuja na picha ya baba yao. Hao wa kweli. Walingoja kidogo kwa kuwa foleni ya misiba ilikuwa imejaa. Walikaa kwenye benchi wameshikana mikono. Ratiba yao ilitoka mwishowe, nikaikunja mwenyewe, mikunjo imenyooka.

Jioni yule dereva wa Jumanne alirudi. Nikajificha. Kumbe amekuja kushukuru! Kwa kuwa alikuwa na nakala nyingi, aliacha moja kwenye kila geti alilolipita, na kampuni moja imemwita kwa mahojiano. Anasema asingekuwa na bunda lile angeacha mbili tatu akaenda kulala. Nimelitafakari hili. Kuna watu kosa lao ni bora kuliko usahihi wa wengine.

Makosa ya shemeji leo: sijaona. Leo alimfundisha mwanafunzi wa chuo kuchapa pande mbili za karatasi, akamwonyesha ukurasa utakavyogeuka kwa kutumia viganja vyake. Hata mimi nilielewa, na sikuulizwa.

Ijumaa, 7 Machi

Niandike yote, hata yanayonishtaki.

Mwenye jengo letu anamwoza binti yake kesho. Ni mama mnene mpole wa sura, ambaye akikasirika anapandisha kodi. Ratiba za harusi aliziagiza kwetu, na karatasi alileta mwenyewe, za kumetameta, zimeagizwa kutoka mbali, hakuna nyingine mjini. Shangazi alimwambia shemeji kwamba kazi hii ikiharibika tutachapia barabarani.

Shemeji aliisanifu siku nzima ya jana. Maua ya dhahabu yanazunguka majina, yanapungua taratibu kuelekea chini kama wimbo unaoisha. Mteja alikagua asubuhi akaridhika. Kilichobaki ni kuondoa lile jina la kona na kuchapa. Lakini wino wa dhahabu ulikuwa ukingoni, shemeji akatoka kufuata mwingine, na Shangazi alikuwa kwa daktari. Akanikabidhi duka. Simu ikalia. Mwenye jengo, anakuja mapema, yuko njiani!

Kwenye foleni kulikuwa na mitihani ya mwalimu mkuu, minene, inatambaa. Nikaona kesho ni Jumamosi. Nikaona kiti. Nikaona Shangazi anarudi, mwenye jengo amesimama na ratiba zake mkononi, ananielekeza kidole na kusema ni huyu.

Nikalifungua faili kutoka kompyuta ya nyuma. Sikutaka kuharibu mazoea yaliyonifaa. Nikalihifadhi kwa jina jipya, MSIBA BI HARUSI, nikaagiza zote. Nikakimbia mbele, nikalipandisha juu mwenyewe kwa mkono wangu, mara ya kwanza maishani. Raha yake siwezi kuieleza. Nikaweka zile karatasi kwenye trei, nikairuhusu mashine.

Printa ya rangi ni mashine nzuri sana. Nilisimama mbele yake mikono nyuma. Kila karatasi ilitoka ya moto, maua yanang'aa, majina yamekaa katikati kama maharusi wenyewe. Nilizisifu moja moja. Sikuangalia kona.

Shemeji aliingia na wino kwapani. Aliokota moja. Akaangalia kona.

Kidole kimoja, mashine ikasimama. Alinisomea kwa sauti ya kawaida kabisa kile kilichoandikwa pale chini kwa herufi ndogo nyeusi, kwenye ratiba ya harusi ya binti wa mwenye jengo letu.

Nilitaka ardhi ipasuke nijitie. Zaidi ya nusu zilikuwa zimetoka. Karatasi nyingine hakuna. Nilimwambia shemeji nakwenda kujisalimisha, au kuhama mji, lolote litakaloanza.

Yeye alikaa sakafuni. Nikadhani anazimia. Kumbe anacheka, bila sauti safari hii, machozi yanamtiririka. Kisha akanyanyuka, akaweka karatasi juu ya meza, akapima kwa kidole kutoka maua ya mwisho hadi ukingo wa chini.

"Shemeji," akasema, "hapa panakatika. Mimi siwezi kukata hivyo. Wewe unaweza."

Yeye akaondoa jina kwenye faili, akaacha zilizobaki zichapwe. Mimi nikazichukua zote, mbovu na nzima, ili zilingane. Mashine yangu ya kukata naijua kama ulimi unavyoyajua meno. Nikapanga fungu, nikaligonga mezani likanyooka, nikashusha kisu. Hakuna hata petali ya ua iliyoguswa. Fungu la pili. La tatu. Shemeji aliacha kazi yake akaja kuangalia. Alisema hajawahi kuona mkono uliotulia namna hii. Nikashusha kisu tena, pumzi nimeibana.

Mwenye jengo aliingia tunamalizia. Akaigeuza ratiba huku na huku. Akasema imekuwa fupi kidogo kuliko ile ya kukagua. Moyo wangu ukasimama kwenye foleni. Kisha akaiingiza kwenye pochi yake, ikaingia sawasawa, na akasema ni busara iliyoje, zile za harusi ya mwanawe mkubwa wageni walizikunja.

Tumeokoka. Shangazi hajui kitu. Vile vipande nilivyokata nimevikumba kwenye kapu la takataka, na kapu nimelifunika na gazeti. Nimefikiria kila kitu.

Jumamosi, 8 Machi

Shangazi hufagia mwenyewe Jumamosi. Hilo sikulifikiria.

Tulipoingia, vile vipande vyembamba vilikuwa vimepangwa kwenye kaunta, vimelala sambamba, kila kimoja na maneno yake madogo meusi. Pembeni yake ameweka nakala za kukagua za Alhamisi, nilizozisahau mezani na majina yake kwenye kona. Kocha. Vibandiko. Vyumba viwili.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alituuliza nani. Nikafungua mdomo nianze habari ya hitilafu ya mtandao, lakini shemeji aliwahi. Alisema jina la harusi lilipita kwa sababu yeye alitoka bila kuliondoa, kwa hiyo la jana ni la wote wawili, na bila mkono wangu kazi ile isingeokoka. La Alhamisi alinyamaza. Aliniachia mwenyewe. Nikasema ni mimi.

Shangazi alichukua ile ya kocha akaishika kati ya vidole viwili. Alisema siku alipofiwa na mumewe alikwenda kuchapisha ratiba kwenye duka la watu, kabla hajawa na hili. Alisimama kwenye mstari tangu asubuhi. Mbele yake watu wanachapisha matangazo ya disko, wanacheka, na si kosa lao, hawakujua. Alipofika dirishani akashindwa kulitamka jina la mume wake. Siku hiyo aliapa, akipata mashine yake, aliyefiwa hatasimama.

Akasema, "Wale dada wawili walisimama. Kwenye duka langu. Nyuma ya mpira."

Sina la kuchekesha hapa. Niliona aibu, aibu halisi. Niliwakumbuka walivyoshikana mikono kwenye benchi, na mimi nikihangaika na mikunjo. Nikamwambia Shangazi nitawatafuta niwaombe radhi. Akasema wameshazika. Akasema niwaache.

Jioni tulipofunga, alikisukuma kile kiti chenye magurudumu mpaka mbele ya shemeji. Mimi akaniambia kwamba kwa kukata hakuna anayenifikia mji mzima, na kwamba mwenye jengo ameagiza kadi za shukrani, ameomba zikatwe na mtu yuleyule. Akauliza kama nimesikia. Nilisikia. Kiti hakikuwa changu, na kingekuwa changu nisingekistahili. Nimeyaandika haya kwa mkono wangu na siyafuti.

Halafu shemeji akafanya jambo. Alikaa, akazunguka mara moja kwa raha zake akiuliza nani kama yeye, kisha akavuta stuli ya kaunta akaiweka ubavuni mwake, akaipigapiga kwa kiganja.

"Kaa, nikuonyeshe yote," akasema. "Siku nikiumwa nani atawachapia?"

Nilichokuwa nakivizia wiki nzima alinipa bure. Kusimamisha, kuruhusu, kufuta moja bila kugusa nyingine, kuchagua printa, kuchagua karatasi, kuangalia kabla ya kubonyeza. Alirudia bila kuchoka. Nikikosea anacheka, kisha anarudia. Kama ningekuwa na mtoto wa kike ningetaka awe vile. Nimetembea kwenda nyumbani nikiwa mtu mpya.

Mke wangu aliniuliza mbona macho mekundu. Nikamwambia nimemkubali mdogo wake. Akaniwekea nyama kubwa.

Jumapili, 9 Machi

Nimepumzika. Nimefikiri sana, kama ipasavyo mtu mpya.

Kwanza, nimefuta wazo la kuandika makosa ya shemeji. Hana. Ana kicheko, na kicheko chenyewe nimekizoea, duka bila hicho lingekuwa kama printa iliyozimwa. Amekipata kiti kwa haki. Nimemwambia hivyo mama mkwe alipokuja mchana, na safari hii hakusifia mvua, alinisikiliza, akasema amesikia kwamba nakata vizuri. Ilinifurahisha zaidi ya nilivyotegemea. Nilimkatia hata keki.

Pili, nimeapa. Neno MSIBA sitaligusa tena maishani mwangu. Lile ni la waliofiwa. Shangazi ameliwekea kilio chake mwenyewe, na mimi nililichezea kama filimbi. Kamwe.

Tatu, kesho ni siku ya kwanza ya shemeji kwenye kiti. Atafika amechelewa kidogo, ana mkutano shuleni kwa mwanawe, na ameniomba mimi nishike kompyuta mpaka aje. Mimi! Nataka siku yake ya kwanza iwe ya fahari. Nataka akiingia akute duka zima linatabasamu, hakuna aliyenuna, hakuna anayeangalia saa. Ni deni la heshima.

Na jambo hili linawezekana. Nimelitazama kila upande, halina uovu wowote. Nimekumbuka kwamba Shangazi ana huruma na wagonjwa pia, hasa tangu mgongo uanze kumsumbua.

Kwa hiyo kesho kila kazi itakayoingia, iwe mitihani, iwe vibandiko, iwe mpira, nitaipa jina moja tu: HOSPITALI. Zote zitapanda juu. Wateja wote watakuwa wa kwanza. Sijui kwa nini hakuna aliyewahi kuliwaza.